Flavonoidi na mcharuko wa mwili: kipi kimethibitishwa, kipi kimetiwa chumvi

Neno flavonoidi limetoka maabara likaingia kwenye vibandiko vya makopo, kwenye video fupi za simu na kwenye mazungumzo ya watu wenye wagonjwa nyumbani. Huyu anaambiwa chai ya kijani inaondoa mcharuko, yule anauziwa vidonge vya kwasetini, flavonoidi mojawapo, vya kutuliza magoti, mwingine anashauriwa aache dawa za presha anywe unga wa kakao. Ndani ya kelele hizo kuna jambo la kweli: mimea ina kemikali zinazogusa namna mwili unavyopambana na maradhi, na watu wanaokula mimea hiyo kwa wingi, kwa wastani, hufa kidogo kwa magonjwa ya moyo. Tatizo linaanza pale jambo hilo la kweli linapovutwa hadi likafika lisikofika. Ili kujua mpaka uko wapi, inabidi kuifuata kemikali hiyo kutoka kwenye jani hadi kwenye damu bila kuruka hatua, maana karibu kila dai la uongo huzaliwa kwenye hatua iliyorukwa.

Flavonoidi ni nini

Flavonoidi ni kundi la kemikali zinazotengenezwa na mimea. Zimeshatambuliwa zaidi ya 6,000, na zote zimejengwa juu ya umbo moja: atomu 15 za kaboni zilizopangwa katika pete tatu. Kinachozitofautisha ni vitu vidogo vilivyobandikwa kwenye pete hizo, mara nyingi sukari. Zimo ndani ya ukoo mkubwa zaidi uitwao polifenoli. Kwa hiyo kila flavonoidi ni polifenoli, lakini zipo polifenoli nyingi ambazo si flavonoidi.

Majina machache yatatosha. Kwasetini hupatikana sana kwenye vitunguu na kwenye ganda la tufaha. Katekini zimejaa kwenye chai na kakao. Anthosianini ndizo zinazotia rangi nyekundu, zambarau na bluu kwenye zabibu nyeusi na kabichi ya zambarau. Hesperidini iko kwenye machungwa na malimau, na isoflavoni kwenye soya.

Mmea hauzitengenezi kwa ajili yetu. Unazitumia kujikinga na miale mikali ya jua, kuvuta wadudu wanaochavusha maua, kuwachukiza wadudu wanaokula majani, na kwa mimea ya jamii ya kunde, kuwaita bakteria wa udongoni wanaoisaidia kupata naitrojeni. Jambo hili lina uzito wake mbele, kwa sababu mwili wa binadamu nao hauzipokei flavonoidi kama chakula ulichokuwa ukikingojea. Unazipokea kama kitu kigeni cha kushughulikiwa na kutolewa.

Ukitaka kuziona kwa macho, kata kitunguu chekundu vipande vyembamba, weka kwenye bakuli, kamulia limau juu yake na ukoroge kwa vidole. Baada ya dakika chache zambarau iliyofifia inageuka waridi kali, na maji yanayokusanyika chini ya bakuli yana rangi hiyohiyo. Hiyo ni anthosianini inayobadili umbo lake mara tu inapokutana na asidi. Badala ya limau weka magadi, rangi itakwenda kwenye bluu na kijani. Kwasetini ya kitunguu hichohicho haionekani kirahisi hivyo, ila umanjano wake uko kwenye ganda kavu la kahawia tunalolitupa.

Lakini rangi si kitambulisho. Wekundu wa kiazi sukari, yaani bitiruti, unatoka kwenye kundi jingine kabisa liitwalo betalaini. Rangi ya karoti ni karotenoidi. Kakumini ya manjano, ambayo karibu kila tangazo la mcharuko linaitaja pamoja na flavonoidi, si flavonoidi, na resveratroli ya zabibu si flavonoidi vilevile. Tafiti zinazohusu kitu kimoja haziwezi kuazimwa kuthibitisha kingine, ingawa wauzaji hufanya hivyo kila siku.

Mcharuko ni nini

Mcharuko, ambao vitabu vya tiba huuita pia mchochota, ni mwitikio wa mwili unapojeruhiwa au kuvamiwa na vijidudu. Mwandishi wa Kirumi Celsus, katika karne ya kwanza, alizitaja dalili zake nne ambazo wanafunzi wa udaktari wanazikariri mpaka leo: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Ukijikata kidole, mishipa midogo ya damu hutanuka, maji na seli za kinga hutoka na kuingia kwenye nyama iliyoumia, vijidudu huuawa, mabaki husafishwa, na baada ya siku kadhaa kazi inakwisha. Mcharuko wa aina hii ni wa lazima. Mtu asiye na uwezo wa kucharuka hufa kwa kidonda kidogo tu.

Unaotutia wasiwasi ni ule mwingine, wa chinichini, usiokwisha. Hauna uvimbe wa kuonekana wala joto la kushika kwa mkono. Seli za kinga zinaendelea kutoa kemikali za kuitana, kama zile ziitwazo IL-6 na TNF-alfa, kwa miezi na miaka. Mafuta mengi tumboni huchangia, sigara huchangia, umri huchangia. Ini linapozisikia kemikali hizo hutoa protini iitwayo CRP, na ndiyo maana daktari akitaka kujua kama mcharuko upo hupima CRP kwenye damu. Mcharuko huu wa muda mrefu unahusika katika kuziba kwa mishipa ya moyo, katika kisukari cha aina ya pili na katika baadhi ya saratani.

Kwa hiyo anayesema kwamba kitu fulani "kinaondoa mcharuko" anapaswa kuulizwa mara moja: upi? Kuuzima ule wa kwanza ni hatari. Kuupunguza wa pili kunaweza kuokoa maisha, na huko ndiko utafiti wa flavonoidi ulikoelekea.

Kwenye bakuli la maabara

Ndani ya seli kuna protini iitwayo NF-kB. Kwa kawaida imetulia. Hatari ikitokea inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni zinazotengeneza kemikali za mcharuko. Wanasayansi wamechukua seli, wakazichokoza kwa sumu ya bakteria, kisha wakazimwagia kwasetini au katekini. NF-kB hutulia. IL-6 na TNF-alfa hupungua. Vimeng'enya vinavyotengeneza kemikali za maumivu, vilevile ambavyo dawa za kawaida za maumivu huvilenga, hupunguza kazi. Matokeo haya yamerudiwa tena na tena, na sina shaka nayo hata kidogo.

Shaka yangu iko kwenye kiasi. Mara nyingi seli hizo huogeshwa kwenye flavonoidi ya mkusanyiko wa maikromola 10 hadi 100. Mtu akila chakula chenye flavonoidi nyingi, kiwango kinachopatikana kwenye damu yake kwa kawaida hakifiki hata maikromola 1, tena kwa saa chache. Pengo hilo ni la mara kumi, pengine mara mia na zaidi. Na hata hicho kidogo kinachofika si kitu kilekile kilichomiminwa kwenye bakuli.

Kinachofika kwenye damu

Hapa ndipo somo zima lilipo, na ndipo matangazo yanaponyamaza.

Kwasetini ya kwenye kitunguu imeshikana na sukari. Ikifika kwenye utumbo mwembamba, vimeng'enya huikata sukari hiyo na kwasetini hupenya kwenye ukuta wa utumbo. Hapohapo ukutani, kisha kwenye ini, mwili hubandika juu yake vikundi vipya vya kemikali ili iyeyuke kwenye maji na itoke kwa mkojo. Ni kama msafiri anayevuka mpaka: noti alizokuja nazo anaziacha kwa mbadilishaji, na anazotumia ndani ya nchi ni nyingine. Ukichukua damu ya mtu aliyekula kitunguu na kutafuta kwasetini tupu, ile iliyotumika maabara, utapata kidogo mno au hutaipata. Utakachokipata ni kwasetini iliyobadilishwa, na hiyo ina tabia zake.

Aina ya sukari iliyoshikana nayo nayo ina maana kubwa. Mwaka 1995 watafiti wa Uholanzi walifanya kazi na watu wenye afya waliowahi kuondolewa utumbo mpana, ambao kwao ilikuwa rahisi kupima kilichofyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Kwasetini ya kitunguu ilifyonzwa kwa takriban asilimia 52. Rutini, yaani kwasetini iliyoshikana na sukari ya aina nyingine, ile iliyopo kwenye chai, ilifyonzwa kwa asilimia 17 tu. Kwasetini tupu isiyo na sukari yoyote ilifyonzwa kwa asilimia 24. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini unatosha kuonyesha kwamba idadi ya miligramu iliyoandikwa kwenye chupa haimwambii mtu kitakachoingia mwilini mwake.

Zile zisizofyonzwa huteremka hadi utumbo mpana, na huko wanaishi bakteria kwa matrilioni. Bakteria hao huzikatakata flavonoidi kuwa molekuli ndogo, na molekuli hizo hufyonzwa na kuzunguka kwenye damu kwa muda mrefu zaidi kuliko flavonoidi zenyewe. Watafiti wengi sasa wanaona kwamba sehemu kubwa ya faida inatoka kwenye vipande hivi. Kwa muda mrefu vilihesabiwa kuwa taka.

Ndiyo maana watu wawili wakila chakula kilekile hawapati kitu kilekile. Mfano ulio wazi ni soya. Bakteria wa baadhi ya watu wanaweza kuigeuza isoflavoni mojawapo ya soya kuwa kemikali iitwayo ekwoli, yenye nguvu zaidi ya kujifananisha na homoni ya estrojeni. Kati ya theluthi na nusu ya watu wanao uwezo huo, zaidi katika nchi za Asia Mashariki. Waliobaki hawana, hata wakila soya kila siku.

Dai la antioksidanti

Kwa miaka mingi maelezo ya faida ya flavonoidi yalikuwa haya: mwilini kuna molekuli chokozi ziitwazo radikali huru, zinaharibu seli, flavonoidi zinazikamata, ndiyo maana zikaitwa antioksidanti, basi umepona. Kwenye chupa ya maabara flavonoidi huzikamata kweli. Vyakula vikapewa alama za uwezo huo, kipimo kikaitwa ORAC, na wafanyabiashara wakaanza kushindana kwa alama.

Mwaka 2006 Silvina Lotito na Balz Frei wa Marekani walichapisha uchambuzi uliotikisa maelezo hayo. Ni kweli kwamba mtu akila matufaha, uwezo wa damu yake wa kupambana na radikali huru hupanda. Lakini flavonoidi kwenye damu hiyo ni chache mno kuweza kufanya kazi hiyo. Kilichokuwa kimepanda ni asidi ya mkojo, ambayo mwili huitengeneza unapochakata fruktosi, sukari ya matunda. Mwaka 2012 Wizara ya Kilimo ya Marekani ikaiondoa kwenye tovuti yake orodha ya alama za ORAC, ikieleza kwamba alama hizo hazina uhusiano na kinachotokea mwilini na kwamba zilikuwa zikitumiwa vibaya kuuzia bidhaa. Ukiona leo tangazo linalojivunia ORAC, ujue linatumia kipimo kilichoachwa.

Kuna onyo kali zaidi, ingawa halihusu flavonoidi moja kwa moja. Nchini Ufini wanaume 29,133 waliovuta sigara waligawanywa, wengine wakapewa beta-karotini, antioksidanti iliyosifiwa sana wakati huo, kwa matumaini ya kuwakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalitolewa mwaka 1994. Waliopewa beta-karotini walipata saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Watu wanaokula matunda na mboga zenye beta-karotini walikuwa wamepata saratani kidogo katika tafiti za awali. Chakula kilionyesha kitu kimoja, kidonge kikaonyesha kinyume chake.

Basi flavonoidi zinasaidia vipi kama hazikamati radikali huru kwenye damu? Maelezo yenye nguvu leo ni mawili. La kwanza, katekini, hasa ile ya kakao iitwayo epikatekini, husaidia kuta za mishipa ya damu kupata naitriki oksidi ya kutosha, gesi inayoilegeza mishipa ili damu ipite vizuri. La pili ni lile la ugeni nililolitaja mwanzoni: seli inapoona kemikali isiyo yake, huamsha protini iitwayo Nrf2, nayo huagiza seli itengeneze vimeng'enya vyake yenyewe vya kujikinga. Flavonoidi kidogo inatosha kuamsha kazi hiyo. Kuongeza dozi mara kumi hakumaanishi faida mara kumi.

Kwa watu wenyewe

Uholanzi, katika mji wa Zutphen, wanaume 805 wenye umri wa miaka 65 hadi 84 walihojiwa walichokula, kisha wakafuatiliwa kwa miaka mitano. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993. Waliokula flavonoidi nyingi, hasa kutoka kwenye chai, vitunguu na matufaha, walikufa kidogo kwa ugonjwa wa moyo kuliko waliokula chache. Hapo ndipo dunia ya tiba ilipoanza kuzitazama flavonoidi kwa makini.

Denmark walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2019 walitoa matokeo ya watu 56,048 waliofuatiliwa kwa miaka 23. Vifo vilipungua kadiri flavonoidi zilivyoongezeka kwenye mlo, hadi kiasi cha takriban miligramu 500 kwa siku. Kuvuka hapo, mstari ulilala, hakuna faida ya ziada iliyoonekana. Kwa maelezo ya watafiti hao, miligramu 500 ni kama kikombe cha chai, tufaha moja, chungwa moja, gramu 100 za bluberi na gramu 100 za brokoli. Uhusiano ulikuwa mkubwa zaidi kwa wavuta sigara na wanywaji wa pombe, yaani watu ambao miili yao imejaa mcharuko. Watafiti walionya kwamba hilo halifuti madhara ya sigara.

Tafiti hizi zina udhaifu mmoja usioepukika. Anayekula matufaha na brokoli kila siku mara nyingi pia anatembea zaidi, anavuta kidogo, ana kipato kizuri zaidi na anakwenda hospitali mapema. Watafiti hujaribu kuyatenganisha hayo kwa hesabu, lakini hesabu haimalizi kazi. Njia ya uhakika ni kuwagawa watu kwa bahati nasibu, nusu wapewe kitu chenyewe na nusu wapewe kidonge kisicho na kitu, bila wao kujua.

Jaribio kubwa la namna hiyo linaitwa COSMOS, lililofanyika Marekani. Watu 21,442, wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia miaka 65, nusu walipewa dondoo ya kakao yenye miligramu 500 za flavanoli, kundi la flavonoidi lenye zile katekini, kwa siku, kwa wastani wa miaka 3.6. Kampuni ya Mars, inayotengeneza chokoleti, ilichangia gharama. Swali kuu lilikuwa kama mishtuko ya moyo, kiharusi na matukio mengine ya mishipa vikijumlishwa vingepungua. Vilipungua kwa asilimia 10, lakini kitakwimu tofauti hiyo inaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo jibu la swali kuu lilikuwa hapana. Vifo vya moyo na mishipa peke yake vilipungua kwa asilimia 27. Matokeo ya aina hii, yasiyo ya swali kuu, yanatia moyo, ila hayatoshi kumwandikia mtu dawa, na gazeti linaloandika "kakao yapunguza vifo kwa asilimia 27" bila kutaja jibu la swali kuu linawadanganya wasomaji wake.

Kwa upande wa mcharuko wenyewe, mwaka 2025 ulitolewa uchambuzi wa damu za sehemu ndogo ya washiriki hao. CRP ya waliotumia dondoo ilishuka kwa takriban asilimia 8 kwa mwaka ikilinganishwa na wenzao. TNF-alfa haikubadilika kwa namna ya kuaminika. Kwa kwasetini, majaribio yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kwamba dozi ya miligramu 500 au zaidi hushusha namba ya juu ya kipimo cha presha kwa takriban milimita 3 za zebaki. Ni kushuka kweli, lakini ni kidogo sana kuliko kazi ya dawa ya presha. Anayeacha dawa yake kwa sababu ya unga anabadilisha kinga kubwa kwa ndogo, na hili ndilo linaloniumiza zaidi katika habari hizi, kwa sababu kiharusi hakimpi mtu nafasi ya kujaribu tena.

Si vitamini, na baadhi yake ni dawa

Watu huuliza: mtu asipokula flavonoidi ataugua ugonjwa gani? Hakuna. Mwaka 1936 Albert Szent-Györgyi wa Hungaria, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka uliofuata kwa kazi iliyohusu vitamini C, aliona na wenzake kwamba dondoo ya limau ilisaidia mishipa midogo inayovujisha damu kwa namna ambayo vitamini C tupu haikuweza. Wakaziita flavonoidi zilizomo kwenye dondoo hiyo vitamini P. Jina hilo likaachwa baadaye kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha ugonjwa unaoletwa na ukosefu wake. Hakuna "upungufu wa flavonoidi" wa kupimwa, na anayedai kukupima anakuuzia kipimo.

Hata hivyo flavonoidi chache zimeingia kwenye duka la dawa kwa mlango wa mbele. Mchanganyiko wa diosmini na hesperidini, asilimia 90 kwa 10, hutumika katika nchi nyingi kwa mishipa ya miguu iliyolegea na kwa bawasiri. Silibini, inayotokana na mmea wa mbigili-maziwa, hutolewa kwa sindano ya mshipa katika hospitali za Ulaya kwa watu waliokula uyoga wenye sumu kali unaoua ini. Angalia tofauti: kipimo kinajulikana, ugonjwa unajulikana, na kuna daktari anayesimamia.

Pale zinapodhuru

"Ni ya asili, haina madhara" ni sentensi iliyowapeleka watu hospitali. Katekini kuu ya chai ya kijani inaitwa EGCG. Mwaka 2018 mamlaka ya Ulaya ya usalama wa chakula, EFSA, ilichunguza na kukuta kwamba kuinywa chai yenyewe, ambayo humpa mtu miligramu 90 hadi 300 kwa siku, kwa ujumla ni salama. Lakini vidonge vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku viliambatana na kupanda kwa vimeng'enya vya ini kwenye damu, dalili ya ini kuumia. Kemikali ni ileile na mmea ni uleule.

Balungi lina kisa chake. Mwaka 1989 watafiti nchini Kanada waliokuwa wakipima kama pombe inaathiri dawa ya presha iitwayo felodipini walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Kiwango cha dawa kwenye damu kikapanda kupita matarajio yote. Wa kwanza kushukiwa alikuwa naringini, flavonoidi inayolipa balungi uchungu wake. Baadaye ilibainika kwamba mhusika mkuu ni kundi jingine, furanokumarini, linalozima kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, zikiwemo baadhi ya dawa za kolesteroli kama simvastatini. Glasi moja inatosha, na athari yake inaweza kuvuka saa 24. Tunda moja lina kemikali nyingi kwa pamoja, na si zote zinazotangazwa kwenye kibandiko. Anayetumia dawa kila siku amwonyeshe mfamasia chupa ya kirutubisho chochote kabla ya kuifungua, si jina tu, ili asome na kiasi.

Jikoni

Kwa mtu mwenye afya, ushahidi wote niliouandika hapo juu unaelekeza kwenye sahani, na sahani ina mambo yake madogo. Kwasetini ya kitunguu imejazana kwenye tabaka za nje, kwa hiyo anayemenya tabaka mbili tatu ili abaki na moyo mweupe anatupa sehemu kubwa yake. Kitunguu cheupe kinayo kidogo sana kuliko chekundu au cha njano. Kukichemsha hakuiharibu sana kwasetini ila kunaihamishia kwenye maji, kwa hiyo mchuzi unaonywewa unayo na maji yanayomwagwa yanakwenda nayo. Kwasetini ya tufaha iko kwenye ganda. Hesperidini ya chungwa imejaa kwenye utando mweupe kati ya ganda na nyama, ule ambao juisi iliyochujwa hainao kabisa.

Kakao ni ya kuangaliwa. Viwandani hutiwa alkali ili iwe nyeusi na isiwe chungu, na kazi hiyo huangamiza sehemu kubwa ya flavanoli. Mwaka 2012 EFSA ilitoa maoni ya kisayansi ya kuunga mkono dai kwamba miligramu 200 za flavanoli za kakao kwa siku husaidia mishipa ya damu kubaki laini, lakini chokoleti nyingi haziandiki hata kiasi cha flavanoli zilizonacho, na sukari iliyomo ina hesabu yake.

Chai ina jambo moja la kuwaangalia wajawazito, watoto na wenye upungufu wa damu. Polifenoli zake hushikana na madini ya chuma yatokayo kwenye mimea, kama maharage na mboga za majani, na kuyazuia yasifyonzwe. Ikinywewa saa moja au zaidi baada ya mlo, kizuizi hicho hupungua sana, na kitu chenye vitamini C kwenye mlo wenyewe husaidia chuma kuingia. Asiye na upungufu wa damu, anayekula mlo mchanganyiko, hana sababu ya kuhesabu dakika.